Mgeni Aliyeshika Jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa mara nyingi kwa mzaha, wakati mgeni amezidisha siku zake na unga wa mwenyeji umekaribia kwisha. Lakini ndani ya mzaha huo mna sheria. Siku ya kwanza na ya pili mgeni ni wa kuheshimiwa. Hupewa kiti, maji na chakula, wala haulizwi alichokuja nacho. Siku ya tatu mambo hubadilika. Akitaka kukaa, na ashiriki kazi za nyumba iliyompokea. Asipotaka kazi, na ashike njia. Msomaji, nakuomba tufuatane mpaka katika hoteli moja mashuhuri ya nchi yetu, tuipime kwa methali hii. Sijaona kipimo kilicho bora zaidi cha kuipima nyumba ambayo sifa yake imejengwa juu ya wageni.

Hoteli yenyewe iko karibu na mji wa Nanyuki, katika miteremko ya magharibi ya Mlima Kenya, na jina lake ni Mount Kenya Safari Club. Kutoka Nairobi ni mwendo wa maili 120 hivi. Barabara hupita Thika, Sagana na Karatina, ikapanda polepole mpaka Naro Moru, kisha ikafika Nanyuki penye mstari wa Ikweta. Mstari huo, ambao wewe umeuona katika ramani umechorwa kuizunguka dunia, hupita katika kiwanja cha hoteli hiyo, hata mtu aweza kuwa na mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Mahali hapo pana kimo cha futi 7,000 hivi juu ya bahari, na usiku baridi yake hutaka moto. Kwa hiyo utakuta vyumba vyenye meko ya kuni chini ya Ikweta, jambo ambalo mtu wa Mombasa au wa Kisumu husikia kama hadithi.

Asubuhi na mapema, kabla jua halijapata nguvu, mlima huonekana wote. Kilele cha Batian, chenye kimo cha mita 5,199, husimama cheusi na kikali, na karibu yake hung'aa mabaki ya barafu ya milele. Nasema mabaki kwa kuwa mito mingi ya barafu iliyokuwako mwaka 1899, wakati Halford Mackinder na wenzake walipofika kileleni, imekwisha kuyeyuka, na iliyosalia inazidi kupungua. Jua likipanda, mawingu nayo hupanda kutoka msituni, yakaufunika mlima kama mtu ajifunikaye shuka. Mgeni aliyechelewa kuamka hukuta ukuta mweupe, akaambiwa kwamba nyuma ya ukuta ule pana mlima.

Mawingu hayo ndiyo yaliyoipa nyumba ya kwanza jina lake. Nyumba hiyo haikuwa hoteli. Ilijengwa katika miaka ya 1930 na bibi tajiri wa Marekani, Rhoda Lewisohn, aliyependana na rubani Mfaransa aliyeitwa Gabriel Prud'homme. Walichagua kukaa mbali na macho ya watu, mbele ya mlima, na makao yao wakayaita Mawingo. Naam, Mawingo, kwa o. Neno lililokusudiwa ni mawingu, bali herufi moja ilipotea njia baina ya kinywa cha mwenyeji na kalamu ya mgeni, nalo kosa likaandikwa mlangoni likawa jina.

Usilicheke sana kosa hilo, maana jina la nchi yetu lina hadithi iliyofanana nalo. Tarehe 3 Desemba 1849, mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona mlima huu kutoka Ukambani. Wakamba walikuwa wakiuita Kiinyaa, Wakikuyu Kirinyaga. Masikio ya wageni yalilisikia jina kwa namna yao, kalamu zao zikaandika Kenya, na jina la mlima baadaye likawa jina la nchi. Mwenyeji hutamka, mgeni huandika, na lililoandikwa ndilo hudumu vitabuni. Liweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nyumba ya Mawingo iligeuka kuwa hoteli mikononi mwa Abraham Block, mfanyabiashara aliyekuwa pia na hoteli ya Norfolk ya Nairobi. Kisha, mwaka 1959, wakafika wageni watatu waliokuwa katika safari: William Holden, mchezaji wa sinema wa Marekani, Ray Ryan, Mmarekani aliyetajirika kwa mafuta ya petroli, na Carl Hirschmann, mwenye benki wa Uswisi. Mahali pakawapendeza, nao hawakuridhika kulipa kitanda na kwenda zao. Wakainunua hoteli nzima, wakaigeuza kuwa klabu ya watu wachache walioteuliwa. Katika orodha ya wanachama wake lilikuwamo jina la Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na la Bing Crosby, mwimbaji na mchezaji wa sinema. Tangu hapo nyumba ile ikawa hadithi katika magazeti ya Ulaya na Marekani.

Yafaa nikueleze Holden alikuwa nani, maana sinema zake zilionyeshwa kabla babu yako hajaoa. Alizaliwa mwaka 1918 katika jimbo la Illinois. Mwaka 1950 alitokea katika Sunset Boulevard, sinema inayosimulia habari za mchezaji wa kike aliyesahauliwa na watu, naye hakubali kwamba siku zake zimepita. Mwaka 1953 alicheza katika Stalag 17 kama mateka wa vita katika kambi ya Wajerumani, na kwa mchezo huo akapata tuzo ya Oscar. Mwaka 1957 alitokea katika The Bridge on the River Kwai, ambayo pia ni habari ya mateka, safari hii katika misitu ya Asia chini ya Wajapani. Alipokuja Nanyuki, basi, uso wake ulijulikana katika kila mji wenye jumba la sinema. Mtu wa namna hiyo akikaa katika hoteli, wengine hutamani kukaa humo. Akikalia kiti, kiti hupanda bei.

Tafadhali tulitazame jambo hili kwa utulivu. Umaarufu ni nini hata uweze kupandisha bei ya kiti? Holden alipowasha moto katika meko, moto ule haukuwa na joto kupita moto wa jikoni kwa mama yako. Aliponyoosha kidole kuuonyesha mlima, mlima haukurefuka hata inchi moja. Lakini sisi wanadamu tuna tabia ya kupenda kugusa alichokigusa aliyetajwa sana. Wenye hoteli huijua tabia hiyo vizuri, nao huuza kitanda mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya usingizi, na mara ya pili kwa ajili ya jina la aliyekwisha kukilalia. Silaumu biashara yao, kwa kuwa ni halali, na imewapa watu wengi riziki. Ila mwanafunzi apaswa kujua anauziwa nini.

Tena apaswa kujua kwamba kitabu cha wageni huandikwa na wageni. Ndani yake hutaona jina la mpishi aliyeamka saa kumi usiku, wala la mtunza bustani aliyelainisha nyasi zile, wala la kijana aliyebeba kuni chumba hadi chumba. Usione vyaelea, vimeundwa. Kila anasa iliyosimuliwa katika magazeti ya ng'ambo ilikuwa na mikono nyuma yake, na mikono hiyo ilikuwa ya watu wa vijiji vya jirani. Wao ndio walioufanya moto uwake, na bila moto ule nyota wa sinema angalitetemeka kama mtu mwingine yeyote.

Sasa tuutazame mwaka wenyewe, 1959, maana mwaka huo haukuwa wa starehe kwa kila mtu. Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, ilikuwa bado haijaondolewa; iliondolewa Januari 1960. Msitu uliokuwa mzuri machoni pa wageni wa klabu ulikuwa, miaka michache nyuma, uwanja wa vita. Humo Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliyewahi kuwa askari wa Waingereza katika vita vya Burma, aliwaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa Januari 1954. Serikali ya kikoloni iliutangaza msitu kuwa eneo lililokatazwa, na mtu aliyeonekana ndani yake aliweza kupigwa risasi. Huko chini, katika nchi ya Wakikuyu, watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka katika maboma yao wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa.

Hata ardhi yenyewe ilikuwa na historia yake. Mkataba wa mwaka 1911 uliwaondoa Wamaasai katika nyanda za Laikipia wakapelekwa kusini, na nyanda walizoziacha wakapewa walowezi. Nanyuki ikahesabiwa kuwa katika Nyanda za Juu zilizotengwa kwa Wazungu, ambamo Mwafrika aliweza kuwa mfanyakazi, lakini hakuweza kuwa mwenye shamba. Hapa ndipo methali yetu inapopata uzito wake. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, walisema wahenga. Lakini nani humpa? Humpa mwenyeji. Je, mwenyeji aliyenyang'anywa nyumba atampaje mgeni jembe? Jembe lenyewe alikuwa amelishika yeye, akilima shamba la mgeni. Mwaka ule wa 1959 sheria ya ukarimu ilikuwa imepinduliwa juu chini, naye aliyekuja jana ndiye aliyekuwa akimpimia kazi aliyezaliwa pale.

Wala wapiganaji na walowezi hawakuwa peke yao waliouishi mlima huu kwa namna zao mbalimbali. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kambi ya mateka Waitaliano karibu na Nanyuki. Mateka mmoja, Felice Benuzzi, kila asubuhi aliuona mlima nyuma ya waya wa miiba, mpaka akashindwa kuvumilia. Mwezi wa Januari 1943 yeye na wenzake wawili walitoroka kambini, wakiwa na vyombo vya kupandia walivyojitengenezea wenyewe kwa siri na chakula walichojinyima. Walijaribu kukipanda kilele cha Batian wakashindwa. Wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe wakajisalimisha. Fikiri, msomaji: Holden alipata tuzo kwa kuigiza habari za mateka, na hapa hapa Nanyuki, miaka kumi kabla ya sinema ile, walikuwapo mateka wa kweli ambao kisa chao kilishinda sinema. Nao hawakupata tuzo; walipata adhabu ya kutoroka.

Tena yuko mtu wa nne, ambaye jina lake lafaa kujulikana kuliko la nyota yeyote aliyelala chini ya mlima. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, wakati bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi, Mkenya Kisoi Munyao alikuwa amepanda Mlima Kenya akiwa na bendera mpya ya taifa, akaipandisha huko juu katika baridi na upepo. Klabu wakati huo ilikuwa na umri wa miaka minne. Mlima ni ule ule, ila siku hiyo mwenyeji alirudi nyumbani kwake, akaweka alama juu ya paa.

Baada ya kusema haya yote ningeweza kukomea hapo, nikamwacha Holden miongoni mwa wageni waliokula wakashiba wakaenda. Wengi walikuwa hivyo. Wachezaji wa sinema walikuwa wamezoea kuija Afrika ya Mashariki kama mtu aijiaye pazia la kuchorea nyuma yake. Mwaka 1953 ilitoka sinema iitwayo Mogambo, iliyopigwa katika nchi zetu na kuchezwa na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Jina hilo lina sura ya Kiswahili, lakini si neno la Kiswahili. Ni sauti tu iliyopendeza masikio ya mbali. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima machoni pa wengi wao: sura ya kupendeza isiyodaiwa maana.

Haki, hata hivyo, yataka kila mtu apimwe kwa matendo yake. Holden alirudi tena na tena. Mwaka 1962 ilitoka sinema yake The Lion, iliyopigwa hapa Kenya, juu ya binti mdogo na simba aliyemlea. Katika miaka hiyo safari bado ilikuwa na maana ya bunduki. Matajiri walikuja kutafuta pembe na ngozi za kutundika ukutani, na picha ya mwindaji aliyeweka mguu juu ya mnyama aliyekufa ilihesabiwa kuwa ushahidi wa uanaume. Holden naye aliiona nchi katika hali hiyo. Lakini kadiri alivyokaa ndivyo alivyotambua kwamba wanyama walikuwa wakipungua mbele ya macho yake, na kwamba kitu kilichomvuta kuja hapa kingekwisha kama kila mgeni angeondoka na kipande chake.

Ndipo mwaka 1967 yeye na wenzake, akiwamo Mmarekani Don Hunt, walipoanzisha shamba la wanyama lililopakana na klabu. Hapo wanyama walikaa wakilindwa na kuzaa, na waliokuwa yatima au wagonjwa wakatunzwa. Jambo hili lilifanyika miaka kumi kabla ya serikali ya Kenya kupiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977. Sisemi kwamba kila tendo la shamba lile lilikuwa bila doa, wala kwamba Wakenya walikuwa wakingoja mgeni awafundishe thamani ya mnyama. Wazee wetu walikuwa na miiko yao ya msitu karne nyingi kabla sinema haijabuniwa. Nasema tu kwamba hapa twamwona mgeni ambaye, siku ya tatu, aliacha kiti na kushika mpini.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Novemba 1981, akiwa peke yake nyumbani kwake California, Holden aliyekuwa amekunywa pombe alianguka, akajigonga kichwa katika meza, akafa kwa kutoka damu. Siku kadhaa zilipita kabla hajaonekana. Alikuwa na umri wa miaka 63. Yule ambaye uso wake ulijulikana na mamilioni hakuwa na hata jirani mmoja wa kusikia akianguka. Sikwambii haya ili umdharau marehemu. Nakwambia ili ujue kwamba umaarufu ni kama mwanga wa jumba la sinema: humulika ukuta, haumpi joto aliyechorwa juu yake. Katika kijiji cha kawaida nchini kwetu mtu asipofungua mlango mpaka saa tatu asubuhi, jirani hubisha hodi. Hiyo nayo ni mali, ijapokuwa haiandikwi magazetini.

Lakini jembe alilolishika halikuanguka pamoja naye. Mchezaji wa kike Stefanie Powers, aliyekuwa mwenzi wake katika miaka ya mwisho, alianzisha mwaka 1982 mfuko wa kuhifadhi wanyama kwa jina la Holden. Mfuko huo ukajenga kituo cha elimu huko Nanyuki, jirani na shamba la wanyama, na maelfu ya wanafunzi wa Kenya wamepita humo kujifunza habari za maji, misitu, udongo na viumbe. Lipime jambo hili, wewe usomaye. Klabu ilijengwa kwa ajili ya watu wachache walioteuliwa kwa utajiri na jina. Kituo cha elimu kilijengwa kwa ajili ya mtoto wa shule aliyekuja kwa basi na chakula chake mfukoni. Vyote viwili vyatoka katika mkono mmoja. Kipi kati ya hivyo kimekaribia zaidi kulipa deni la ukarimu? Jibu langu unalijua tayari.

Klabu yenyewe imebadili wenyewe zaidi ya mara moja. Katika miaka ya 1970 ilikuwa mali ya tajiri wa Saudi Arabia, Adnan Khashoggi, na baada yake wakaja wengine. Nyuso za wenyewe hupita kama mawingu ya saa nne. Ila kuna mkaaji mmoja wa mlima ambaye habari zake ndizo zinazonifanya nione kwamba hadithi hii haijakwisha, naye ni bongo.

Bongo ni mnyama wa jamii ya swala, ila mkubwa na mnene, mwenye rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na mistari myeupe iliyoshuka ubavuni kama matone ya chokaa. Dume na jike wote wana pembe zilizojisokota. Hupenda msitu mzito wa mlimani, hutembea kwa siri, na hata wakazi wa karibu huweza kumaliza maisha yao bila kumwona. Zamani alipatikana kwa wingi zaidi katika Mlima Kenya, Nyandarua na Mau. Uwindaji, mbwa, mitego, maradhi ya mifugo na ukataji wa miti vikampunguza, hata leo bongo wa mlimani waliosalia porini, duniani kote, hawafiki 100. Na hao wote wako Kenya.

Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi yao walinaswa katika Nyandarua wakapelekwa Marekani, wakawekwa katika bustani za wanyama. Huko walizaa, na watoto wao wakazaa, vizazi vilivyojua mlima kwa damu tu, si kwa macho. Kisha mwaka 2004 bongo 18 walirudishwa kwa ndege kutoka Marekani mpaka Mlima Kenya, katika shamba lile lile lililoanzishwa na Holden na wenzake. Nyota wengi wa Marekani walikwisha kushuka Nanyuki kabla yao, wakapigiwa makofi. Lakini hawa 18 hawakuwa wageni. Hawa walikuwa wenyeji waliokuwa wakirejea kwao.

Kuwarudisha hakukuwa mwisho wa kazi. Mnyama aliyezaliwa kwa wazazi waliolishwa kwa mkono hajui chui, hajui kupe wa mlimani, hajui jani gani ni chakula na gani ni sumu. Haiwezekani kumfungulia lango ukamwambia nenda. Ilibidi wazae kwanza, kizazi baada ya kizazi, na kila kizazi kipunguziwe msaada wa binadamu na kuzoezwa msitu. Miaka 18 ilipita. Mwaka 2022 ndipo bongo wa kwanza walipopelekwa katika hifadhi iliyotengwa kwa ajili yao ndani ya msitu wa Mlima Kenya, wajitafutie malisho wenyewe chini ya ulinzi. Kazi hiyo imefanywa na Wakenya: madaktari wa wanyama, walinzi, wataalamu wa misitu, na watunzaji waliowalisha ndama kwa chupa.

Na hifadhi hiyo iliitwaje? Iliitwa Mawingu. Sijui kama waliochagua jina walikumbuka kibao cha zamani cha nyumba ya bibi Lewisohn. Hata kama hawakukumbuka, mimi hufurahi kuliona neno limerudi katika sura yake sahihi, kwa u. Imechukua zaidi ya miaka 80 herufi ile moja kurudi mahali pake. Nilikwambia kwamba mwenyeji hutamka na mgeni huandika. Sasa mwenyeji ameandika mwenyewe.

Msomaji, ukikua utakutana na nyumba nyingi zenye sifa kama ya hoteli ya Nanyuki: majumba, vyuo, mitaa, hata nchi, zinazojivunia wageni mashuhuri waliopita humo. Usikatae kuzisikiliza habari zao. Zina ladha yake, nazo ni sehemu ya historia. Ila jiwekee maswali matatu. Nani alikuwapo hapa kabla ya mgeni? Nani aliwasha moto wakati mgeni amelala? Na mgeni alipoondoka, kilibaki nini mikononi mwa mwenyeji? Ukipata majibu ya hayo matatu, utakuwa umeijua nyumba kuliko mtu aliyeilipia usiku mzima.

Kisha lipo swali la nne, nalo ni lako peke yako. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa pia na wahenga. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa kazi ya mgeni tu. Mlima Kenya unapoteza barafu yake. Msitu unaoulisha Mto Tana na Ewaso Ng'iro ungali ukitamaniwa na mashoka. Bongo bado ni wachache kuliko wanafunzi wa shule moja. Wale wageni wa 1959 wamekwisha kufa wote watatu, nao wenye nyumba sasa ni sisi. Mwenyeji asiyeijua nyumba yake, asiyejua majina ya miti yake wala mito yake, huyo naye ni mgeni, tena mgeni aliyekaa zaidi ya siku mbili. Jembe li pale ukutani. Yeyote aliyezaliwa chini ya mlima ule, au anayekunywa maji yake, hana haja ya kungoja kuambiwa alichukue.